TUULIZE KWANZA: NANI ATAITUMIA?

Maneno haya yalisemwa Lusahunga, wilaya ya Biharamulo, mbele ya mkutano wa wakulima, makarani na vijana. Tunayachapa kama yalivyosemwa.



Mnajua nilichoitiwa. Ushirika wenu unataka kuacha lile daftari la kuandikia mizigo ya wakulima, na badala yake kutumia programu ya simu. Vijana wawili wa hapa hapa, waliosoma kompyuta, wamejitolea kuitengeneza, na kamati itaamua juma lijalo. Lakini vijana wenyewe hawajapatana. Mmoja ataka programu ya simu janja, yenye picha na rangi, kwa kuwa ndivyo dunia inavyokwenda. Wa pili ataka ujumbe mfupi wa maneno tu, kwa kuwa kila simu yaupokea. Na ninyi wazee mmenyamaza. Mmedhani ubishi huu ni wa wasomi, na kwamba kazi yenu ni kungoja mpaka wamalize.

Nimekuja kuwaambia ya kwamba ubishi huu ni wenu. Fundi wa programu anajua namna ya kuitengeneza. Lakini anayejua itatumikaje ni yule atakayeishika mkononi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa hiyo swali la kwanza si "chombo kipi ni kipya?" wala si "chombo kipi nakijua mimi fundi?" Swali la kwanza ni hili: nani atakitumia, akiwa wapi, ameshika simu gani, na anataka kupata nini?

NILIYOYAONA

Sisemi haya kwa kuyasoma tu. Msimu mmoja nilikuwa katika kijiji ambacho sitakitaja jina. Wakulima wa huko walikuwa wameletewa programu ya kuuzia maharage. Kwa macho ilikuwa nzuri. Kila mkulima alipewa namba yake, na namba hiyo ilionekana ndani ya simu janja tu, tena mtandao ukiwapo. Siku ya kupima, mtandao ulikatika toka asubuhi. Karani alikuwapo, mizani ilikuwapo, magunia yalikuwapo, mnunuzi naye alikuwapo na fedha zake. Kilichokosekana ni namba. Programu ilikataa kuandika hata kilo moja mpaka ipate mtandao.

Nilikaa chini ya mti na mama mmoja wa umri wa mama yangu mzazi. Alikuwa na magunia matatu na kitochi chake, alichokifunga kwa mpira ili betri isidondoke. Mjukuu wake mwenye simu janja alikuwa safarini. Ilipofika saa kumi jioni mama alichoka kungoja. Nyumbani kulikuwa na mgonjwa, na fedha zilitakiwa siku ile ile. Akauza magunia yote kwa mlanguzi kando ya barabara, kwa lumbesa, bila kupimwa. Aliponiaga alisema, "Mwalimu, lile daftari la zamani lilikuwa linanijua."

Sijalisahau neno lile. Je, mafundi wa programu ile walikuwa watu wabaya? Hapana. Walikuwa vijana hodari. Lakini walichagua chombo wakiwa mezani kwao, penye umeme na mtandao, wakadhani kila mtu yuko mezani pale. Na hasara yake haikumpata fundi. Fundi alikwisha lipwa. Hasara ilimpata mama mwenye magunia matatu. Ndiyo sababu nasema uamuzi huu hauwezi kuachwa kwa mafundi peke yao, hata wakiwa watoto wetu wenyewe.

WENZETU WALICHAGUAJE?

Sasa yafaa tutazame wale waliochagua vizuri. Nitataja mifano mitatu, yote ya Afrika Mashariki, msije mkasema nawaletea mambo ya Ulaya.

Mfano wa kwanza ni M-Pesa. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone na Safaricom ya Kenya walianza kuijaribu katika Nairobi na Thika. Nia yao ya kwanza haikuwa hii tunayoijua leo. Walitaka watu waliokopa fedha ndogo ndogo waweze kulipa mikopo yao kwa simu. Lakini walipowatazama waliokuwa wakiijaribu, waliona jambo ambalo hawakulipanga: watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao. Wakubwa wale wangeweza kusema, "Hawa wanatumia vibaya." Hawakusema hivyo. Walibadili mpango, na mwezi wa Machi 2007 Safaricom ikaanzisha M-Pesa kwa watu wote kama huduma ya kutumiana fedha. Na waliiweka wapi? Waliiweka ndani ya kadi ya simu, ili simu ya bei ndogo kabisa iweze kuitumia bila intaneti. Mwaka 2008 ikaanza hapa Tanzania. Hata leo, mtu wa Lusahunga mwenye kitochi hubonyeza nyota, 150, nyota, sifuri sifuri, reli, akafuata menyu, na fedha ikamfikia mwanawe Mwanza. Hakuna aliyeambiwa akanunue simu mpya kwanza.

Mfano wa pili ni wa dawa za malaria. Ukitoka hapa ukapita Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu, utafika Kigoma. Kati ya mwaka 2009 na 2010 Wizara ya Afya na washirika wake walijaribu mpango mmoja katika wilaya tatu: Kigoma Vijijini, Ulanga na Lindi Vijijini. Shida ilikuwa hii: dawa zilikwisha vituoni na wakubwa wa wilaya hawakujua mpaka muda umepita. Wangeweza kununua kompyuta kwa kila kituo. Lakini waliuliza: mhudumu wa zahanati anacho nini tayari? Anayo simu yake mfukoni. Basi kila Alhamisi alipelekewa ujumbe mfupi wa kumwuliza dawa zilizobaki. Alijibu kwa ujumbe, bila kulipa, na aliyejibu kwa wakati alipewa vocha kidogo. Vituo vilikuwa 129. Mwanzoni, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimeishiwa na dawa moja au zaidi ya malaria. Baada ya majuma 21, walikuwa wamebaki 26 katika kila 100. Ujumbe wenyewe hautibu malaria, ndugu zangu. Lakini ulimfanya mganga wa wilaya ajue kituo kipi hakina dawa, akahamisha toka kituo chenye nyingi. Huko wilayani hakupewa ujumbe mmoja mmoja wa kusoma. Alipewa ukurasa wa intaneti wenye hesabu zote, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulinganisha.

Mfano wa tatu ni wa kumbukumbu za hospitali. Wengi mmesikia makarani wa afya wakitaja DHIS2. Programu hii ilianza Afrika Kusini baada ya mwaka 1994, ikiendelezwa pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo. Ile ya kwanza ilikaa ndani ya kila kompyuta peke yake, kwa sababu ofisi za siku zile hazikuwa na intaneti ya kutegemea. Mwaka 2011 Kenya ilipoieneza, mambo yalikuwa yamebadilika: modemu za simu zilikuwa zimefika wilayani. Wakaamua kuwa na seva moja ya nchi nzima badala ya kufunga programu katika kila kompyuta na kuitengeneza moja moja kila inapoharibika. Lakini hawakusahau ya kuwa mtandao hukatika. Karani aliweza kuendelea kuandika, maandishi yakakaa katika kompyuta yake, na mtandao uliporudi yakapelekwa.

Mwaona? Wa kwanza walichagua kadi ya simu. Wa pili walichagua ujumbe mfupi. Wa tatu walichagua kompyuta na intaneti. Vyombo ni mbali mbali, lakini njia ya kuchagua ilikuwa moja: walimtazama mtumiaji na mahali pake, ndipo wakashika chombo. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema ya kwamba ujumbe mfupi ndio mzuri siku zote, au kwamba simu janja ndiyo mbaya. Atakuwa hakunielewa.

TUWAHESABU WATU WETU

Basi turudi Lusahunga. Nani atatumia programu ya ushirika huu? Mimi nawaona watu watatu.

Wa kwanza ni mkulima. Wengi wenu mna vitochi. Wengine mnatumia simu moja watu wanne nyumbani. Wengine hamsomi vizuri, na si aibu kusema hivyo. Mkulima anataka nini? Anataka mambo mawili: ajue kilo zake zilivyoandikwa, na ajue fedha yake italipwa lini. Hataki picha. Huyu anafaa apate ujumbe mfupi. Ujumbe hukaa ndani ya simu, na mkulima akija na malalamiko huufungua akamwonyesha karani. Vijana wangu, msichanganye jambo hili na menyu ya nyota na reli. Menyu ile ni nzuri kwa kuuliza salio, lakini ukishaifunga imetoweka. Tena kwa kawaida kila ukurasa wake hauzidi herufi 182, na mtu akichelewa kusoma hukatika. Mzee anayetafuta miwani yake atakatiwa kila mara. Stakabadhi sharti ibaki.

Na Kiswahili chetu kina bahati katika jambo hili. Ujumbe mmoja wa simu huchukua herufi 160, kwa kuwa twaandika kwa herufi za kawaida. Wenzetu wa Ethiopia wakiandika Kiamhara, ujumbe mmoja huchukua herufi 70 tu. Herufi 160 zatosha kabisa kuandika jina, tarehe, kilo, bei na fedha zote. Kwa asiyesoma, kamati iweke mtu wa kumpigia simu au kumsomea, mtu anayemwamini.

Wa pili ni karani wa mizani. Huyu ni mmoja au wawili. Ushirika waweza kumnunulia simu janja moja yenye betri nzuri. Yeye ndiye anafaa apate ile programu ya kijana wetu wa kwanza. Lakini kwa sharti: iandike hata pasipo mtandao. Kilo ziandikwe pale pale, zikae ndani ya simu, zipelekwe kwenye seva mtandao ukirudi. Kila mzigo upewe namba yake na ile simu yenyewe, ili makarani wawili wakiandika kwa wakati mmoja hesabu zisigongane. Na kwa kuwa simu huibwa na kuanguka majini, mkulima apewe na kikaratasi chenye namba ile ile kabla hajaondoka mizanini. Nasema karatasi, na vijana wasinicheke. Karatasi haihitaji chaji.

Wa tatu ni mhasibu na kamati. Hawa wanataka kulinganisha: kijiji hiki kimeleta kilo ngapi, nani hajalipwa, gunia lipi lilipimwa mara mbili. Hawa wafunguliwe ukurasa wa intaneti katika kompyuta, kama alivyofanyiwa yule mganga wa wilaya.

Basi, vijana wawili walikuwa wakibishana nani ana haki. Kumbe wote wawili walikuwa na haki, ila kila mmoja alikuwa akimfikiri mtumiaji wake mmoja. Mmoja alimwona karani, wa pili alimwona mkulima. Tulipouliza nani atatumia, ugomvi umekwisha.

MAMBO YA KUTAZAMA KWA MACHO MAWILI

Yako mengine ambayo kamati isiyaache.

Kwanza ni gharama. Ujumbe mfupi haushuki kama mvua. Kila mmoja hulipiwa, na kupata namba fupi au menyu ya nyota na reli ni lazima kufanya mapatano na makampuni ya simu. Kamati ihesabu: wakulima wangapi, ujumbe mara ngapi kwa msimu, shilingi ngapi. Programu ya bure inayokwisha fedha katikati ya msimu si ya bure.

Pili ni mtandao wetu. Hapa ni njia panda. Magari ya mizigo yaendayo Rusumo na Kobero hupita usiku na mchana, na barabara ya Biharamulo mjini hukutana hapa hapa. Kando ya barabara simu hushika. Je, huko mashambani? Na wenzetu wa vijiji vya Ngara vilivyo mpakani wanajua jinsi simu inavyoweza kushika mtandao wa Rwanda au Burundi mtu akiwa amesimama shambani kwake. Fundi asiamini ramani ya kampuni. Achukue baiskeli, azunguke vijiji, aandike wapi inashika na saa ngapi.

Tatu ni lugha. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maneno ya Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Ikiwa miaka ile iliwezekana, leo hapana udhuru wa kumwandikia karani wa Lusahunga maneno ya Kiingereza. Tena kiwe Kiswahili cha mizanini. Andikeni "mzigo", "kilo", "umelipwa". Msimwandikie mkulima maneno ambayo hata mwalimu lazima afungue kamusi.

Nne ni ufundi wa kesho. Vijana hawa wawili mwakani wanaweza kupata kazi Mwanza au Dodoma, nasi tutawapongeza. Nani atatengeneza programu ikiharibika? Kwa hiyo wasichague lugha ya programu inayojulikana na wao tu, hata kama ni mpya na inapendeza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wachague ile ambayo wengi wanaifundishwa vyuoni, waandike maelezo ya kazi yao, na hesabu zote ziweze kutolewa siku yo yote zikawekwa katika jedwali la kawaida. Hesabu ni mali ya ushirika. Fundi akiondoka asiondoke nazo.

Tano ni siri za watu. Jina la mkulima, namba yake ya simu na fedha aliyolipwa si habari za kutangazwa sokoni. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi wa Mei 2023. Kamati iisome. Programu isikusanye jambo lisilo na kazi. Kama hatuhitaji kujua umri wa mtu ili kupima maharage yake, tusiuulize.

KABLA YA KURA

Bwana Mwenyekiti, nina ombi moja. Kamati isipige kura juma lijalo kwa kusikiliza maneno matupu, hata haya yangu. Vijana watengeneze mfano mdogo, wa siku chache tu. Kisha siku ya gulio wachague watu kumi: wazee, akina mama, wasiosoma, wenye simu za kuazima. Wawape kazi moja: "Pima mzigo wako, kisha tuambie umeandikiwa kilo ngapi." Halafu vijana wakae nyuma, wafunge midomo. Wasimwelekeze mtu, wasimshike kidole. Waandike tu alipokwama. Mtu akikwama, wasiseme "huyu hajui." Waseme "hapa tumekosea." Watengeneze tena, wawaite tena kumi wengine. Ndivyo M-Pesa ilivyopata njia yake, kwa kuwatazama watu.

Na msimu wa kwanza daftari lisitupwe. Liende pamoja na programu, na kila jioni karani na mhasibu walinganishe. Siku daftari na programu vitakapokubaliana msimu mzima, ndipo tutaliweka daftari kabatini kwa heshima.

Ninyi wazee, nawaomba msinyamaze tena. Mnaijua mizani, mnaijua mvua, mnajua nani hudanganya kilo na kwa njia gani. Fundi asiyepewa habari hizo atajenga nyumba bila kujua upepo watoka wapi. Na ninyi vijana, elimu mliyopata ni kubwa, wala sisemi muikunje. Lakini ufundi wenu hautapimwa kwa jina la chombo mlichotumia. Utapimwa siku ya mauzo, saa kumi jioni, mtandao umekatika, wakati mama mwenye magunia matatu na kitochi kilichofungwa kwa mpira atakapofika mizanini. Akiondoka pale amepimwa, ameandikwa, na ana kikaratasi chake mkononi, mtakuwa mmechagua vizuri. Akiondoka kwenda kwa mlanguzi, turudi mezani tuanze upya.